Nimejiandikisha msafara wa hisani wa baiskeli km 100, halafu nataka kuunga na safari ya siku tatu na mizigo. Nianzie wapi?

MguuMwepesi

Habari zenu wapendwa, naomba ushauri kwa waliozoea baiskeli za masafa. Nimejiandikisha kwenye msafara wa hisani wa siku moja, kilomita 100, bado wiki kumi na moja. Hela inayochangwa inakwenda kwa wagonjwa wa figo na hili linanigusa kabisa kwa sababu kaka yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila akienda ni saa nne kwenye mashine, namsindikiza naona anavyotoka pale, kwa hiyo sijaingia kwa ajili ya kupiga picha na fulana.

Baiskeli naendesha miaka yote ila ni safari fupi fupi, dakika ishirini kwenda dakika ishirini kurudi. Jumapili nikasema ngoja nijipime, nikapiga kilomita 42. Mpaka ya 25 nilikuwa nafurahia, baada ya hapo vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikafa ganzi, goti la kushoto likaanza kuuma kwa mbele, sehemu ya kukalia ndo usiseme. Kilomita kama nane za mwisho nguvu ziliniisha ghafla, nikakaa pembeni ya barabara natetemeka na kijasho chembamba, mpaka nikaogopa. Nilikuwa nimekunywa maji tu tangu nitoke nyumbani.

Sasa maswali yangu ni haya, wiki kumi na moja zinanitosha au najidanganya? Maumivu haya ni ya kuzoea au kuna kitu nakosea? Halafu kuomba watu hela naona aibu sana jamani, nimefungua ukurasa wa michango una siku nne na hauna hata mtu mmoja. La mwisho, mwezi mmoja baada ya msafara mimi na binti wa shangazi yangu tunataka kwenda safari yetu wenyewe ya siku tatu na mizigo kwenye keria, baiskeli zetu ni za kawaida tu za gia 21. Inawezekana?

Spoku36

Karibu dada. Wiki kumi na moja zinatosha kabisa, mtu aliyepiga 42 bila maandalizi na bila kula kitu 100 anaifika, usiwe na wasiwasi. Ila hayo maumivu usiyazoee, maumivu ya baiskeli mengi yanatoka kwenye baiskeli yenyewe ilivyokaa, sio kwenye mwili wako.

Anza na kiti. Egemea ukuta, kaa kitini umevaa viatu vyako vya siku zote, weka KISIGINO kwenye pedeli, sukuma mpaka pedeli ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke kabisa bila kiuno kuinama upande. Ukikuta goti bado limekunja basi kiti kiko chini, na nakuhakikishia hilo ndo la kwako, kwa sababu goti linalouma kwa mbele mara nyingi ni kiti cha chini pamoja na kukanyaga gia nzito. Likiuma kwa nyuma ni kinyume chake, kiti kiko juu mno. Pandisha kidogo kidogo, nusu sentimita halafu endesha siku mbili, usiruke sentimita tatu kwa mpigo maana utahamisha maumivu kutoka huku kwenda kule. Ukiwa unaendesha kweli pedeli inakaa chini ya ile sehemu pana ya mbele ya unyayo, sio kisigino, kile ni kipimo tu.

Gia sasa. Hesabu mguu wa kulia unazunguka mara ngapi kwa nusu dakika, ukipata chini ya 35 kwenye tambarare basi punguza gia mpaka ufike 40 hivi, miguu izunguke haraka na wepesi. Mwanzoni utajiona kama unacheza tu lakini ndo magoti yanavyopona.

Vidole viwili vya mwisho kufa ganzi, kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole kidogo, ukiulalia na uzito wa mwili saa mbili unagoma. Angalia pua ya kiti imeinama mbele? Ikiinama unateleza, mikono inakuwa ndo breki yako muda wote. Kiti kilale sawa na ardhi. Kunja viwiko kidogo na kila dakika kadhaa hamisha mikono, glavu zenye sponji nazo zinasaidia. Ukiona ganzi haitoki hata kesho yake hapo muone daktari, usiendelee kulazimisha.

Na kule kutetemeka, dada hiyo ni njaa ya misuli. Sukari ambayo mwili umeweka akiba kwenye misuli na ini kwa mwendo wa nguvu inakaa kama saa moja na nusu mpaka mbili, ikiisha imeisha, hakuna moyo wa ujasiri utakaokusogeza. Dawa yake ni kula KABLA hujasikia njaa, anza dakika ya thelathini au arobaini, halafu endelea kila nusu saa kidogo kidogo. Mwili unaweza kutumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ndizi moja kubwa ni karibu gramu 30, kwa hiyo piga hesabu. Maji nusu lita kwa saa, jua likiwa kali zaidi, na kwenye chupa moja tia chumvi kidogo maana jasho linatoka na chumvi, ukinywa maji matupu mengi kupita kiasi nayo ni hatari. Na usijaribu chakula kipya siku ya msafara, kula ulichokizoea kwenye mazoezi.

Mazoezi, siku tatu kwa wiki, mbili fupi za saa moja na moja ndefu. Hiyo ndefu ongeza kilomita sita hadi nane kila wiki, wiki ya nne punguza upumzike, halafu panda tena. Ukifika 80 wiki mbili kabla ya msafara imetosha, huhitaji kupiga 100 nyumbani.

MsafiriMpole

Kuhusu kukalia nunua kiti kipana laini chenye jeli, mimi kilinisaidia sana.

Spoku36

@MsafiriMpole kwa safari ya nusu saa sawa, hapo nakubali. Kwa saa tano mimi nakataa. Kiti laini unazama, ile mifupa miwili ya kukalia inadidimia na nyama laini zote zinazoizunguka zinabeba uzito ambao hazikuumbiwa. Kiti kigumu kiasi chenye upana unaolingana na mifupa yako, pamoja na kaptura ya baiskeli yenye sponji, isiyovaliwa na chupi ndani (mishono ya chupi ndo inayochubua watu), paka mafuta kidogo, na ukimaliza safari vua uoge hapo hapo usikae nayo. Wiki tatu za kwanza utasikia, baadaye inakwisha.

MamaMapacha

Mdogo wangu pole na hongera. Mimi nakujibu la hela tu, maana nimefanya misafara ya hisani minane na mwaka wa kwanza nilikuwa kama wewe, aibu imenijaa. Nilichofanya ni kuandika ujumbe mmoja mrefu nikaurusha kwenye magrupu yote, watu zaidi ya mia mbili waliusoma. Waliochanga walikuwa watano, na watatu kati yao ni wa nyumbani kwetu. Nikaumia sana nikadhani watu hawana huruma. Kumbe ujumbe wa kila mtu si wa mtu yeyote, kila anayesoma anajua kuna wengine mia mbili watakaojibu.

Mwaka uliofuata nikaandika mmoja mmoja. Jina lake, salamu ya kweli, habari za watoto wake, halafu naendesha baiskeli siku fulani kwa sababu fulani, ningefurahi ukiwa pamoja na mimi, ukiweza kidogo ni sawa na usipoweza ni sawa pia. Watu kumi kwa siku tu. Inachosha lakini ndo inayoleta.

Na ukurasa usiuache mtupu. Wa kwanza kuchanga uwe wewe mwenyewe, kiasi unachokiweza, halafu waombe watu wawili watatu wa karibu kabisa wafuate kabla hujaanza kuita wengine. Mtu akifungua ukurasa akakuta sifuri anasita, akikuta wenzake wametangulia anaingia.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Hadithi ya kaka yako ndiyo itakayowagusa watu, lakini ni YAKE. Mwombe kabla hujaandika hata mstari, muulize nini kisemwe na nini kisisemwe, picha ipi iende na ipi hapana. Nimeona mtu akiweka picha ya mgonjwa wake amelala kitandani na mirija, michango ikaja, lakini undugu wao haukurudi kama zamani. Akikataa, heshimu, andika kuhusu wagonjwa wa figo kwa ujumla na sababu yako ibaki moyoni mwako.

Mengine ya haraka haraka. Hela isipitie kwenye simu yako wala akaunti yako, watu wachangie moja kwa moja kwenye ukurasa rasmi ili wapate risiti na wewe ulale usingizi. Soma masharti, ada ya kujiandikisha mara nyingi ni ya kuendeshea shughuli (maji, magari, usalama) na mchango ni kitu kingine, na baadhi ya misafara ina kiwango cha chini ambacho usipokifikia unakijazia mwenyewe, kijue mapema. Waulize wenye msafara bila woga hela inakwenda kununua nini, wachangiaji watakuuliza hivyo hivyo. Shukuru mtu siku ile ile aliyochanga. Na usife moyo ukurasa ukilala katikati, hela nyingi huja wiki ya mwisho na nyingine baada ya kumaliza ukishatuma picha ukiwa umefika, kwa hiyo usiufunge siku hiyo.

Na usidharau ukubwa wa kitu unachoanzisha. Msafara wa baiskeli wa Pan-Mass Challenge kule Marekani, unaochangia matibabu ya saratani, mwaka 1980 walianza watu 36 tu, wakatoka Springfield wakaenda hadi Provincetown. Leo waendeshaji wake ni maelfu kila mwaka.

NyumaKabisa

Mimi kazi yangu kwenye misafara ni kukaa mwisho, yaani mbele yangu yupo mtu wa mwisho na nyuma yangu lipo gari la kubeba walioshindwa. Naomba niseme ninachokiona kila mwaka kutoka huku nyuma.

Ninaowakuta wamekaa chini kilomita ya 70 sio waliokuwa dhaifu asubuhi, ni waliotoka mbio. Muziki unapigwa, watu wanashangilia, damu inachemka, mtu anafuata kundi lenye kasi ambayo haijawahi kuwa yake. Kilomita 20 za kwanza ukiona unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema uko sawa, ukikata maneno punguza, waache waende. Wengi wao utawakuta mbele.

Kwenye kundi shika mstari wako usiyumbe, usipachike tairi lako la mbele sambamba na tairi la nyuma la mwenzio hata kidogo, akisogea kidogo tu anayeanguka ni wewe sio yeye. Usishike breki ghafla. Ukiona shimo onyesha kwa mkono na sema kwa sauti SHIMO, maana wa tano nyuma yako haoni kitu zaidi ya mgongo. Ukitaka kusimama inua mkono, toka pembeni kwanza ndo usimame.

Na mlima ukikushinda shuka usukume. Ule msafara wa London hadi Brighton kule Uingereza, wa British Heart Foundation (shirika la hisani la magonjwa ya moyo), una maili 54, kama kilomita 87, na ule mlima wa Ditchling Beacon wameuweka karibu na mwisho kabisa wakati miguu imeshachoka, watu kibao wanashuka pale wanasukuma baiskeli huku wanapiga stori. Aliyechanga hakuchangia mwendo wako. Ila ukisukuma sukuma pembeni uwaachie nafasi wanaopanda.

Kitu cha mwisho, usione vibaya kupanda lile gari letu kama kifua kinauma, kizunguzungu, au umeacha kutoka jasho kwenye jua. Hapo simama mara moja sema na mtu.

KeriaYaNyuma

Nilikuwa nasubiri watu wamalize la msafara nije kwenye mizigo maana hapo ndo kwangu. Siku tatu kwa baiskeli ya gia 21? Inawezekana sana. Thomas Stevens alitoka San Francisco Aprili 1884 akazunguka dunia kwa ile baiskeli ya kale yenye gurudumu kubwa la mbele, isiyo na gia hata moja, akafika Yokohama Desemba 1886, na mzigo aliotoka nao ulikuwa soksi, shati la akiba, bastola na koti la mvua alilolitumia pia kama hema na tandiko la kulalia. Sikwambii ulale kwenye koti, nakwambia punguza. Tandaza kila kitu sakafuni usiku wa kuamkia safari, halafu ondoa theluthi moja. Nguo ya kuendeshea mbili (moja mwilini moja inakauka), nguo ya jioni moja, koti la mvua, taa, dawa, vifaa vya baiskeli, chakula cha siku hiyo. Mkiwa wawili mnagawana pampu na spana, hamna haja ya mbili mbili.

Usibebe begi mgongoni. Mgongo utakufa na uzito wote unashukia kwenye kile kiti mnachobishania hapo juu. Tumia mifuko ya pembeni ya keria, vizito viwe chini karibu na ekseli, vyepesi juu, kushoto na kulia viwe sawa, pima kwa kuinua kila mmoja kwa mkono. Hakikisha kisigino hakigongi mfuko ukiwa unakanyaga. Kaza skrubu za keria upya baada ya siku ya kwanza, zinalegea kwa mtikisiko, mimi yangu moja ilidondoka nikamalizia siku na keria imefungwa kwa kamba ya kiatu.

Tairi la nyuma ndo linabeba, kwa hiyo spoku za nyuma upande wa cheni ndizo hukatika mara nyingi. Kabla ya kuondoka zibane mbili mbili kwa vidole kuzunguka rimu lote, iliyolegea utaisikia, mpelekee fundi anyooshe rimu. Na angalau mara mbili kabla ya safari endesha na mizigo YOTE kwa saa mbili, utashangaa baiskeli inavyokuwa kama mnyama mwingine, inakawia kupinda, inakawia kusimama, kwenye mteremko anza kushika breki mapema kuliko ulivyozoea.

Kilomita 50 mpaka 60 kwa siku zinatosha mkiwa na mizigo, hata kama kwenye msafara umepiga 100. Upepo wa mbele unaweza kula nusu ya mwendo wako na hauna mteremko upande wa pili kama mlima. Tokeni alfajiri, saa nane mchana muwe mmefika au mmekaribia, jua bado lipo, mnafua, mnatazama baiskeli, mnapumzika.

Sasa pancha. Safari yangu ya pili niliziba tyubu mara tatu asubuhi moja. Nilikuwa natafuta tundu, napiga msasa, napaka gundi, nasubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, nabandika kiraka, najaza upepo, naondoka, dakika kumi chini tena. Mara ya tatu nikakaa kwenye nyasi nikazitazama zile alama tatu, viraka vyote vitatu vilikuwa vimekaa sehemu moja, vinagusana. Ndo nikapata akili ya kupitisha kidole ndani ya TAIRI polepole, na pale pale kikanichoma kipande cha waya mwembamba kama unywele, kimezama kwenye mpira, kwa nje hakionekani hata ukipanua. Nikakitoa kwa meno. Kwa hiyo kabla hujabandika kitu tafuta kilichotoboa, pitisha kidole (au kitambaa laini, kinanasa kwenye mwiba bila kukuchoma) ndani ya tairi lote, na rimu pia. Na ukitoa tyubu kumbuka valvu ilikuwa wapi, ukijua tundu liko umbali gani toka kwenye valvu unajua pa kutafuta kwenye tairi. Bebeni tyubu mbili nzima za akiba, kuziba mtaziba jioni mkiwa mmetulia.

MguuMwepesi

Jamani nimechelewa kurudi, nashukuru mno kila mtu. Nilipima kwa kisigino kama @Spoku36 alivyosema, kumbe kiti kilikuwa chini karibu sentimita tatu, na pua ilikuwa imeinama kweli. Nimepandisha kwa awamu wiki mbili hizi, jana nimepiga 52, goti halikusema neno. Nimekula kila nusu saa hata nilipokuwa sitaki, sikutetemeka. Vidole bado kidogo mwishoni lakini vinarudi nikishuka.

@MamaMapacha nilimwomba kaka. Alinyamaza kidogo halafu akasema sawa, ila picha ya mashine hataki, anataka picha amesimama kashika baiskeli yangu, amevaa shati lake jeupe. Tumepiga. Nikaanza kuandikia watu mmoja mmoja na mpaka leo wamechanga kumi na saba, wa kwanza mimi, wa pili yeye mwenyewe, sikumwomba.

@KeriaYaNyuma tumejaribu mizigo juzi na binti wa shangazi. Kwenye mteremko breki zangu za mbele zinapiga kelele kali mpaka watu wanageuka, na naona hazishiki kama mwanzo. Bila mizigo hazilii. Ni za mpira, zile za kubana rimu.

KeriaYaNyuma

Kaka yako msalimie sana.

Breki, fungua zile raba uziangalie kwa karibu, utakuta zimeng'aa kama kioo au zimenasa vipande vidogo vya chuma vinavyometameta. Vitoe kwa ncha ya kisu, halafu piga msasa raba mpaka ziwe na ukwaru tena. Rimu lifute kwa kitambaa na spiriti, hakikisha hakuna hata tone la mafuta ya cheni. Ukizirudisha zikae hivi, ncha ya mbele ya raba, ile inayotangulia kufuata mzunguko wa tairi, iguse rimu kabla ya ncha ya nyuma, tofauti kama unene wa kadi, hapo kelele nyingi hukatika. Na kama raba imeisha mpaka ile mistari yake haionekani usihangaike, badilisha zote nne.

Kwenye mteremko mrefu usizishike moja kwa moja mpaka chini, rimu linapata moto, shika kwa nguvu kidogo achia, shika achia. Ukishafunga jaribu kwanza mteremko mfupi bila mizigo, kisha na mizigo, halafu rudi utuambie kama zimenyamaza.